Vidonge Vilivyokuja na Michembe

Uskoti, Jumapili, nimetoka ibadani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mayu. Najua umekwisha itikia marahaba kwa sauti, hata kama uko peke yako jikoni, nami nimeipokea. Mgongo unasemaje? Na lile goti? Mpunga wa bondeni mmeanza kuvuna, au bado mnashinda mkifukuza ndege? Mimi mwili ni mzima. Baridi imepungua, na siku zimekuwa ndefu mpaka watu wa huku wanakula chakula cha jioni jua likiwa bado linawatazama mezani. Roho ndiyo si nzima, na sababu yake utaisoma humu.

Barua hii nimeituma kwa Regina, binti wa mjomba, akuletee kwa mkono wake. Nimemwambia asipitie dukani, na asimpe mtu yeyote amsaidie kuifikisha. Vaa miwani, kaa kwenye kigoda, uisome mwenyewe polepole kama unavyosoma zaburi. Utaniuliza, barua ya nini wakati simu ipo? Simu yako, mama, inashinda dukani kwa Shija ikichajiwa. Nikipiga anapokea yeye. Ukiwa nayo wewe unaiweka sauti kubwa, na kitongoji kizima kinajua nimekula nini. Wiki hii nimempigia Shija mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Sawa dada, nitamwambia maza." Ya pili akasema umelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Ya tatu akazima. Mdogo wangu huyo niliyembeba mgongoni, akanizimia simu.

Lakini kwanza wabeja, asante sana, kwa mzigo. Asali imefika salama, haikuvuja hata tone, nami naila kwa kijiko kama mtoto mwizi. Karanga nimewagawia kazini. Michembe, viazi vyako ulivyokausha juani, nimeipika na karanga kama ulivyonifundisha, jirani akagonga mlango kuuliza harufu ile nzuri ni ya nini, nikampa bakuli, akarudi kuomba tena.

Chini kabisa ya mfuko wa michembe nikakuta kipande cha kanga yako ya njano kimefungwa fundo. Nikacheka peke yangu, nikadhani umeniwekea mbegu za maboga. Nikafungua. Vidonge sita, bado vimo kwenye karatasi yake ya kung'aa, na kikaratasi chenye mwandiko wako: "Limi, kazi yako ni ya kusimama. Ukichoka meza kimoja. Mimi vinanisaidia sana."

Mama, nilikaa chini sakafuni na koti langu mwilini.

Nilishakuambia kazi yangu ni kupima, maabara. Sikukuambia napima nini, maana nilijua hutalala. Napima vitu vinavyookotwa kwenye mifuko ya watu waliokufa. Napima na damu zao. Wengi wanakutwa vyooni, wengine kitandani na viatu miguuni, vijana, na akina mama pia. Kinachowaua ni ndugu wa afyuni, ila hakuna shamba lake wala ua lake. Hiki kinapikwa kwa kemikali kwenye mapipa, na watu wasiojua wala kutaka kujua nani atakimeza. Kisha wanakikandamiza kuwa kidonge, wanakipiga chapa ya dawa ya hospitali, wanakifunga kwenye karatasi ya kung'aa. Ni kikali kuliko heroini. Cha ukubwa wa punje chache za chumvi kinatosha kumlaza mtu mzima asiamke. Kila asubuhi navaa glavu na kukishika, na kila jioni nanawa mikono mpaka inachubuka, na bado nikila tonge naona kinyaa.

Sasa kikawa kimo ndani ya kanga ya mama yangu.

Nilikuwa sijawa na uhakika. Jina lililoandikwa pale nalijua, ni dawa halali ya maumivu, kali, ya kuandikiwa na daktari. Lakini nilipopitisha kidole juu ya maandishi, wino ukaja na kidole. Dawa ya kiwandani haitoi wino, mama. Nikakumbuka kifo cha Masanja ulichonihadithia wakati wa palizi.

Kesho yake nikavipeleka kwa bosi wangu. Ni mama wa makamo, mchapa kazi, hana maneno mengi. Sheria ya huku haichezi, ningeweza kufukuzwa, lakini nilimwambia yote. Akauliza, "Nani amekutumia?" Nikasema, mama yangu. Akauliza kwa nini. Nikasema, kwa sababu ananipenda na anajua nasimama sana. Akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akavipa namba kama tunavyovipa vya wahalifu, kanga yako nayo akaiwekea namba. Niliona aibu, mama, sitakuficha. Zawadi yako ilikaa kwenye rafu pamoja na uchafu wa wauaji. Halafu akasema, "Vaa glavu. Tuvipime."

Nikueleze tulivyopima, ili mtu asije akakuambia mwanao amebahatisha. Tulisaga kidonge kimoja kimoja, kila kimoja peke yake, tukachukua unga kidogo tukauyeyusha kwenye maji. Kwanza tukachovya kikaratasi cha kutambua fentanili, sumu ya siku nyingi ambayo imeua wengi ng'ambo. Kikasema hakuna. Mtu mwingine angefurahi akaenda kunywa chai. Bosi akatikisa kichwa, akachukua kikaratasi cha aina nyingine, kilichotengenezwa kwa ajili ya hizi mpya tunazoziita nitazini. Hicho kikakubali mara moja.

Kikaratasi peke yake si ushahidi, kwa hiyo tukapeleka kwenye mashine kubwa. Ile mashine inatenganisha vilivyomo, inavivunja vipande vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kupima uzito wa kila kipande. Kila dawa ina vipande vyake, haiwezi kuazima vya mwenzake, kama unavyomjua ng'ombe wako kwa kwato zake matopeni hata kama hukumwona akipita. Tukasubiri. Nilikuwa naomba, mama. Nilimwomba Mungu niwe mjinga, niwe nimekosea.

Dawa iliyoandikwa kwenye karatasi haikuwemo hata chembe. Kulikuwa na wanga, chokaa, na nitazini. Na jambo lililonitapisha, nikakimbilia sinki mbele ya watu, ni hili: vidonge havikulingana. Viwili vilikuwa karibu vitupu. Vitatu vilikuwa na kiasi cha kumlevya mtu na kumwondolea maumivu. Cha sita kilikuwa na cha kumwua. Vyote vimo kwenye karatasi moja, rangi moja, na wewe ulivifunga kwa fundo moja ukaniombea safari njema. Waliovichanganya hawakutumia hata mizani. Mimi nikipika maandazi napima chumvi kwa uangalifu kuliko wao walivyopima kifo.

Ndiyo maana wewe umemeza tangu mwaka juzi na uko hai. Si kwamba ni salama. Ni kwamba hukukutana na cha sita.

Masanja alikutana nacho.

Nirudishe maneno yako mwenyewe, uliyoniambia kwenye simu ukilia. Ulisema mlialikana kupalilia shamba lako, watu kumi na kitu, ukapika ugali na kuku wawili, ukawapa togwa. Masanja alikuwa ameamka na plau ya jirani tangu alfajiri, mabega yakimuuma, ukamwonea huruma ukampa viwili. "Kijana kanishukuru, Limi, kasema mama una mkono wa baraka." Akaenda kujilaza kivulini pembeni ya zizi, akakoroma kama mashine ya kukoboa, na watu wakacheka. Ulimfunika na kanga nzi wasimsumbue. Bibi Nyanzala akapita na kuni zake kichwani, akasema, "Huyu naye analala saa hizi?" Basi, hilo tu. Jua lilipogeuka mkaenda kumwamsha ale chakula, mkamkuta wa baridi.

Mama, kule kukoroma ndiko kulikokuwa kufa kwenyewe. Dawa hii haichomi wala haikati. Inaisahaulisha pumzi. Mtu anavuta hewa mara moja, anakaa, anavuta tena kwa shida, inatoka sauti ile ya koo, midomo inabadilika rangi, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama tundu la sindano. Mngemtikisa, mngemlaza ubavu, mngempulizia pumzi mdomoni huku pikipiki ikikimbilia hospitali, pengine angekuwa analima leo. Hamkujua. Siwalaumu kwa kucheka. Mtu aliyechoka akikoroma, watu hucheka.

Lakini yaliyofuata ndiyo yanayonichefua. Hakuna aliyeuliza Masanja alimeza nini. Wote mliuliza alipita nani. Mwaka wa tatu huu macho ya Bibi Nyanzala ni mekundu, kila mtu anajua, kwa sababu anapikia mavi ya ng'ombe kwenye kijumba kisicho na dirisha, na leo macho hayo yamekuwa ushahidi wa uchawi! Uliniambia wazee wa sungusungu wamempa muda mpaka mpunga uishe kuvunwa, kisha ahame asirudi. Uliniambia hakuna anayemwuzia chumvi. Na ukaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja bei ya mahindi, kwamba siku hizi hata shikamoo hapewi, watoto wanampita, watu wazima wanaangalia chini. Nikakuuliza, "Na wewe mama?" Ukasema, "Mimi ni nani, mwanangu, nimpinge nani?"

Mwanamke aliyenipokea mimi siku nazaliwa, mvua ikinyesha na mkunga hajafika. Aliyenikata kitovu kwa wembe wake. Humpi shikamoo.

Sasa nami niseme langu, maana ukinisoma mpaka hapa utadhani nimekaa juu ya mti nawatupia mawe walio chini. Unakumbuka siku ya kwanza Shija alipokuletea vidonge hivi? Ulinipigia, ukaniambia nisubiri, ukanisomea jina herufi moja moja kwa miwani yako iliyovunjika mkono. Nikakwambia, "Ah, hiyo naijua, ni ya maumivu tu. Meza, ila baada ya kula, na usizidishe." Nilikuwa nakimbilia basi. Sikuuliza imetoka wapi, sikuuliza daktari gani. Ukafurahi, ukaenda kuiambia kwaya nzima, "Mwanangu wa maabara ya Ulaya ameruhusu." Na Shija akalichukua neno hilo akalifanya tangazo la duka. Regina ameniambia. Mpaka leo mtu akisita kununua anaambiwa, "Dada yangu ndiye anayepima hizi huko ng'ambo, we meza tu." Mimi! Jina langu linauza kitu ambacho mimi nalipwa kukikamata. Nikilifikiria hilo natamani kujivua ngozi.

Na kuna lingine. Shija alinihadithia zamani, akicheka, kwamba jamaa wa pikipiki anayemletea vidonge hivi kutoka mnada wa Choma alimfundisha kuwapa maksai kwanza, vidonge vitano kwenye pumba, na plau ikaenda mchana kutwa bila fimbo. "Dada, yule Mweusi alivuta kama trekta." Nami nikacheka. Tulichekea mnyama asiyeweza kusema amechoka, na kutoka kwa maksai wakahamia kwa watu, na sikushtuka. Babu alikuwa akijisifu kwamba baba yake alibeba pembe za ndovu kutoka kwetu mpaka pwani, miezi njiani, mzigo begani, chakula ugali na mlenda, na usiku anaimba. Wanyamwezi tulisifiwa kwa kubeba, na bega lilipouma mtu aliutua mzigo chini. Leo tunauziwa kitu cha kutuzuia tusisikie mzigo, na anayetuuzia ni mtoto wa nyumba yetu.

Mama, naandika sentensi inayofuata kwa mara ya nne, karatasi tatu nimechana. Bibi Nyanzala hakumwua Masanja. Mkono uliompa ni wako, na mdomo uliosema ni salama ni wangu. Hukukusudia, Mungu anajua, na mimi nitakuwa wa kwanza kukushuhudia. Lakini kutokukusudia hakutoshi kama tutanyamaza, kwa sababu yuko mtu anayelipia, na mpunga haungoji.

Basi sikiliza. Usimeze kingine hata kimoja, hata mgongo ukatike. Wala usikae nyumbani ukajikaza, kwa sababu mwili wako umekwisha kizoea. Ile homa unayoiita malaria, ya kutetemeka na kuharisha kila vidonge vikikuishia, na kipimo cha zahanati kinasema huna malaria, ndiyo hiyo hiyo. Regina atakupeleka hospitali Nzega kesho yake asubuhi. Mwambie daktari kila kitu, usione haya, na mwonyeshe karatasi ya majibu ya maabara iliyomo kwenye bahasha hii pamoja na barua. Vilivyobaki usivitupe chooni wala usivichome. Vitie kwenye kopo, funga, mkabidhi daktari huyo huyo.

Kuhusu Shija. Ni kitinda mimba wako, najua unavyompenda, nami nampenda, ndiyo maana nilimpa siku saba. Nilimwambia aviondoe dukani, aende mwenyewe kwa wazee aseme alichouza. Akaniambia, "Dada, nikisema hivyo si wataniua mimi? Acha wamalizane na yule bibi, keshazeeka." Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Nilimlisha uji mimi. Sijui ni lini alijifunza kupima mtu kwa umri wake. Siku saba zimekwisha jana. Leo asubuhi, kabla ya kwenda ibadani, nimeandika kwa wanaohusika na dawa za kulevya huko nyumbani, nikataja duka, nikataja jina, nikaambatanisha majibu. Nimewaeleza pia nani anafukuzwa kwa kosa la nani. Watakuja. Sijui kama watakuja kabla ya mpunga kuisha, kwa hiyo nimekuandikia wewe. Unilaani ukitaka, ila usimwambie akimbie.

Msalimie mchungaji na mkewe. Mke wa Masanja mwambie nitampigia kwa simu ya Regina, na nitamweleza mwenyewe mume wake alikufa na nini, sitaki alisikie kisimani. Wanakwaya wenzako wa sauti ya pili wape salamu, waambie mwanao wa maabara hajaruhusu kitu, alikosea. Muuguzi wa zahanati mpe salamu, nimemwekea nakala yake ya majibu kwenye bahasha. Shija usimsalimie.

Salamu moja nimeibakiza, na hii haipelekwi na mtu mwingine. Ukimaliza kusoma, kabla hujainuka kuangalia chungu, kabla hujalia, jifunge kanga uende kwa Bibi Nyanzala. Nenda mchana huu huu, pita katikati ya kitongoji, pita mbele ya duka, watu wakuone. Mkute mlangoni kwake, piga goti lako bovu hilo hilo, umpe shikamoo kwa sauti ambayo majirani wataisikia. Hataitikia. Miezi yote hii hajaamkiwa, atadhani unamdhihaki. Usiondoke. Kaa hapo hapo chini mpaka aseme marahaba, hata kama jua litazama.

Akiitikia, mpe ya pili. Hiyo ni yangu.

Mwanao,
Limi